Mgeni Aliyezuiwa na Maji

2 Machi 1968

Sista Klementina wa misheni kule Bagamoyo amenipa daftari hili na penseli. Anataka Kwaresima hii kila siku niandike tendo moja la upendo nililomtendea mtu. Si la kanisani, alisema, la jikoni na njiani. Nikamwambia sisi tunakaa ng'ambo ya Ruvu, kwenye mashamba ya mpunga, na majirani ni wachache. Akanijibu kwamba hata jirani mmoja anatosha kumshinda mtu.

Mimi ni Mina, mke wa Gaspari katekista. Nina mimba, na hii ndiyo ya kwanza kufika mbali kiasi hiki.

Tendo la leo: nimemsaidia mke wa Mwinjuma, yule mvushaji wa mtoni, kujitwisha mtungi.

3 Machi

Tendo la leo: nimemwachia Gaspari kipande kikubwa cha kambare. Sijui kama mume anahesabika.

6 Machi

Tendo la leo: nimesikia mke wa Mwinjuma akinisema kisimani, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa sikupata jibu zuri.

9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Gaspari amefundisha kigangoni habari za mgeni: anayepiga hodi usimuulize ametoka wapi, mpe kiti kwanza. Anasema vizuri mume wangu, watu waliinamisha vichwa. Tuliporudi akaniuliza mbona kuni zimelowa.

13 Machi

Mvua haikatiki. Ruvu umepanda mpaka kwenye matete na rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa. Mwinjuma amefunga kivuko. Anasema jana magharibi kuna watu walichukua mtumbwi wake mdogo bila ruhusa, wakavuka wenyewe. Leo mtumbwi ameukuta umepinduka, umenasa kwenye mizizi huku chini.

"Watu wenyewe je?" nikamuuliza.

"Mtumbwi ndio niliouona," alisema.

Tendo la leo: hakuna.

16 Machi

Nimemwona mimi. Nilikwenda shamba la chini kutazama kama mpunga umezama, nikaona kitu kama gunia katikati ya matete. Maji yalikuwa yanakisukuma, kinakwenda, kinarudi, kama mtu anayejaribu kuinuka. Nilipoona mkono ndipo nilipokimbia kumwita Gaspari.

Mwinjuma, aliyekuja naye, alikataa kumgusa. Alisema mtu aliyechukuliwa na mto huu akarudishwa mlangoni kwako, ana shida na wewe. Gaspari hakubishana naye, aliingia majini na nguo zake. Nami niliingia mpaka magotini, nikashika miguu. Ilikuwa miguu ya kijana. Uso haukuwapo, samaki walikuwa wamekwisha kuupitia. Alivaa suruali ya kaki na fulana, na mfukoni hamkuwa na kitu.

Tukamwita Mwalimu Msabaha wa madrasa. Alimtazama akasema, "Huyu ni wetu." Alimwosha uani kwetu kwa maji niliyochota mimi. Makaburi yao yako bondeni na yote yamo ndani ya maji, kwa hiyo Gaspari akasema azikwe kwetu, nyuma ya nyumba, penye mwinuko karibu na mkwaju. Sanda ilikuwa shuka letu jeupe, ndilo pekee tulilo nalo. Gaspari alilitoa bila kuniuliza.

Tendo la leo: shuka. Lakini halikutoka moyoni mwangu, kwa hiyo sijui liandikwe kwa nani.

17 Machi

Nimeshindwa kula. Kila nikinawa naona maji yana rangi.

18 Machi

Mvua.

21 Machi

Jioni, mvua ikinyesha, tumesikia hodi. Alikuwa kijana mrefu, peku, amelowa mpaka mifupani, hana mzigo ila kikebe kidogo cha sindano. Gaspari alimpa kiti kabla hajauliza neno, na mimi nikaongeza maji kwenye mchuzi.

"Naitwa Sadallah," alisema. "Natoka Pangani. Nashona kofia. Nilikuwa nakwenda Bagamoyo kuuza, nimezuiwa na maji."

"Hukuzuiwa, umefika," Gaspari akamwambia, na nikaona jinsi alivyofurahi kulisema.

Tulikula. Mgeni alikula kwa adabu, macho chini. Katikati ya kula akauliza, "Aliyezikwa pale nyuma, alioshwa?"

"Alioshwa na Mwalimu Msabaha, akasaliwa," Gaspari akajibu.

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kula.

Nilipokuwa naosha sahani ndipo likanijia. Mtu anayetoka upande wa Msata anafika kwetu kwa mbele. Nyuma ya nyumba haonekani mtu wala kitu, na kaburi lenyewe halina alama, ni udongo tu. Sisi hatukumwambia.

Tendo la leo: nimempa mgeni mkeka wangu.

23 Machi

Mgeni hanywi maji ya mtoni wala ya kisimani. Ameweka sufuria chini ya ukingo wa makuti, anakinga mvua, anakunywa hiyo. Anasema tumbo lake halizoei. Kuoga pia anajipangusa kwa kitambaa. Tangu afike sijamwona akikanyaga penye maji yanayopita kifundo cha mguu, atazunguka hata kama ni mbali.

Hata hivyo ni mtu wa msaada. Ameziba paa linapovuja, ameniwekea kuni juu ya dari ya jiko zikakauka. Anashona kofia ya viua, vile vitundu vidogo vya kuzungushia uzi, mkono mwepesi sana.

Tendo la leo: nimemwambia ahsante.

25 Machi

Nilimwita akale. "Sadallah." Yuko hapo hapo kibarazani, kunitazama ananitazama. "Sadallah." Alinikazia macho kama anangoja mtu mwingine aitike. Ndipo akasema, "Labeka, dada."

27 Machi

Gaspari amerudi kutoka Msata, amechafuka matope mpaka kiunoni na amefurahi kama mtoto. Alimwendea mgeni kibarazani akamwambia, "Nimekufanyia jambo. Nimemkuta dereva wa lori anayekwenda mpaka Tanga, nimempa salamu azifikishe Pangani. Mama yako asikae na wasiwasi. Nimemwambia aulize kwa mama yake Sadallah mshona kofia, aseme kijana yu mzima, yuko kwa katekista, amezuiwa na maji."

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa.

"Umefanya vizuri, mwalimu," mgeni alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida. Lakini sindano haikuendelea mpaka giza likaingia, na aliishika vile vile, nusu ndani nusu nje.

Tendo la leo: hili ni la Gaspari.

30 Machi

Naandika upesi, nisamehewe mwandiko.

Alfajiri mvua ilikuwa manyunyu. Nilitoka nikapita nyuma ya nyumba kufuata jembe. Mgeni alikuwa amechuchumaa kando ya kaburi, kanipa mgongo. Nilidhani anaomba dua, nikataka kurudi. Kumbe anaongea. Si kwa sauti ya kuomba, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake wakiwa wanakunywa kahawa.

"Mvua imepungua," alisema. "Mpunga wao wa juu utapona, wa chini umekwisha." Akanyamaza, kama anasikiliza. Kisha akasema, "Jana wamekuita tena, Sadallah. Nimekuitikia."

Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta wa jiko.

Nimemngoja Gaspari aamke nimweleze. Alikaa kitandani akajikuna ndevu. Akasema labda kijana ana huzuni, labda majina yanafanana, walio na jina hilo ni wengi. Nikamwambia, "Gaspari, mtu yule anaita jina lake mwenyewe kaburini."

"Ni mgeni, Mina. Nitamtoaje mvuani kwa kuwa anaongea peke yake?"

"Wewe unampenda kwa mdomo," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekaa naye. Mimi ndiye ninayempa sahani mkononi."

Akavaa, akaenda kigangoni.

Tendo la leo: nimempa chakula. Nilimpa ukoko.

1 Aprili

Ukoko.

2 Aprili

Ukoko. Ameula wote akasema ahsante. Panga nimelitoa jikoni nimeliweka chini ya kitanda.

4 Aprili

Leo nilipompa sahani alisema, "Dada, ukichoka na mimi uniambie. Usimwambie mwalimu, niambie mimi."

Nikamuuliza, "Ukiondoka utakwenda wapi?"

"Sijui kama naondokeka," alisema.

Nimemwekea wali mweupe na mchuzi. Si kwa upendo. Niliogopa kwamba nikiendelea kumpa ukoko nitakuwa mtu nisiyemjua. Siandiki tendo.

7 Aprili, Jumapili ya Matawi

Gaspari ameondoka kuzungukia vigango vya upande wa Fukayosi, atarudi Pasaka. Nilimwomba anipeleke kwa Mwalimu Msabaha kwa mke wake nikae huko. Akasema mgeni atabaki na nani. Alipokuwa anafunga mkoba hakunitazama.

Kwa hiyo ni mimi na mtu huyu, na yule mwingine nyuma ya nyumba.

9 Aprili

Mvua mchana kutwa. Anashona. Nafuma. Hatusemi. Mtoto anacheza tumboni kila akikohoa yule.

10 Aprili

Mwinjuma amepita akasema mto utavuka kingo usiku au kesho, watu wa chini wote wapande mlimani kwa Msabaha. Nikasema nitakwenda asubuhi nikifunga vitu. Mwinjuma alimtazama mgeni kibarazani kwa muda mrefu. Alipokuwa anaondoka akaniambia chini kwa chini, "Walikuwa wawili waliochukua mtumbwi wangu."

13 Aprili, Jumamosi Kuu

Niko kwa Mwalimu Msabaha, mlimani. Daftari limepona kwa kuwa nililifunga kwenye kitambaa kichwani. Nataka niandike yote kama yalivyokuwa.

Juzi asubuhi, Alhamisi, nilipoteremsha mguu kitandani niliyakanyaga maji. Yalikuwa yametulia kabisa ndani ya nyumba, hayana sauti, sufuria zinaelea na kuzunguka polepole kana kwamba kuna mtu anazipanga. Nikafungua mlango. Nje hapakuwa na shamba wala njia, ni maji tu mpaka kwenye mkwaju, na mwinuko wa kaburi haukuonekana.

Kibaraza kilikuwa kitupu. Nikajua amekwenda. Nilimwelewa, hata nilipumua kidogo. Nikapanda juu ya kitanda na maji yakanifuata.

Kisha nikamwona. Alikuwa anatoka upande wa mlimani, penye pakavu, anarudi. Anaingia majini hatua kwa hatua, mikono ameinua juu kama mtu anayepita kwenye miiba, na uso wake sijapata kuuona uso wa namna ile. Midomo ilikuwa inasema kitu kimoja kile kile. Alipofika mlangoni maji yalikuwa kifuani kwake.

"Dada, toka. Nyumba hii ni ya udongo, itaanguka."

Alikata migomba miwili kwa panga nililompa, akaifunga kwa kamba ya ukili, nikailalia kwa ubavu kwa sababu ya tumbo. Yeye akavuta. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye bonde dogo kabla ya njia ya mlimani, pale ambapo siku za kiangazi ni mfereji tu. Hapo maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Migomba iligeuka. Mimi nilizama, nikameza, nikainuka nikashika kitu cha kwanza nilichokigusa. Ilikuwa shingo yake.

Alisimama. Mwili wote ulikuwa mgumu kama nguzo. Akasema, polepole, karibu na sikio langu, "Toa mkono shingoni."

Sikuweza. Mtu anayezama hatoi mkono.

Ndipo nikahisi vidole vyake juu ya vyangu. Alianza kuvibandua, kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, bila haraka na bila hasira, kama mtu anayefanya kazi ambayo mikono yake imekwisha kuijua. Nilitazama macho yake kwa karibu. Hayakuwa yananiona mimi. Alikuwa mtoni na mtu mwingine.

Nilikuwa sina jina la kumwita. Lile alilotupa nililijua si lake. Nikasema, "Mimi si Sadallah. Mimi ni Mina. Mina, mke wa Gaspari. Ulikula kwangu jana." Nilisema tena. Nikasema nilimpikia nini. Nikasema wali, nikasema mchicha, nikasema chumvi ilizidi. Sijui kwa nini nilisema mchicha.

Vidole vilisimama. Akapepesa macho kama mtu anayeamshwa. Akauchukua mkono wangu akauweka begani kwake, akaukandamiza hapo kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Shika hapa. Shika sana." Tukatoka.

Juu mlimani alikaa chini kwenye nyasi, mbali na mimi, akaniambia yote bila kuulizwa. Jina lake ni Mikidadi. Sadallah alikuwa rafiki yake tangu utotoni, wanatoka mtaa mmoja Pangani, wakishona pamoja kofia na kuziuza pamoja. Yeye Mikidadi ndiye aliyekuwa na haraka ya Bagamoyo, ndiye aliyesema wauchukue mtumbwi. Ulipopinduka Sadallah alimshika shingoni.

"Nilibandua vidole," alisema. "Viwili vya mwisho nilivunja."

Siku zile zote kabla hajaja kwetu alikuwa juu ya dungu, lile tunaloamia ndege kwenye shamba la chini. Alituona tukimtoa mwenzake majini. Alituona tukimzika. Alisubiri aone kama naye atakufa, na alipoona hafi, akashuka akapiga hodi kwa jina la Sadallah, ili jina angalau lipate pa kulala.

Nilisimama nikamwacha pale. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Nilikwenda ndani kwa mke wa Mwalimu, akanivua nguo mbichi akanipa doti nzima ya kanga kavu. Nilijifunga moja, nikajifunika ya pili. Mlango ulikuwa wazi, namwona yuko kwenye nyasi, mvua inamnyeshea, meno yanagongana. Watu walikuwa wengi mle ndani, hakuna aliyejua habari yake ila mimi, na hakuna aliyemwita kwa kuwa walidhani ni mgeni wangu.

Nilikaa hivyo muda mrefu, mtu aliyeniokoa ninamtazama, mtu aliyebandua vidole ninamtazama, na sikuweza kuwatenganisha. Nilitaka mmoja nimpe kanga, mwingine nimnyime. Jioni ilipoingia nikatoka nikamfunika ile kanga ya pili.

14 Aprili, Pasaka

Hatukusali. Gaspari amefika mchana, amezunguka njia ya juu kwa miguu, alikuwa analia tangu mbali alipotuona. Nimemweleza. Hakuwa na mafundisho yoyote.

15 Aprili

Gaspari ameniambia jambo. Vigango vya Fukayosi vilikuwa vya siku mbili tu. Siku nyingine alikaa tu huko kwa watu. "Nilikuwa namwogopa," alisema. "Tangu usiku ule alipouliza kama maiti ameoshwa. Nilimkaribisha kwa sauti kubwa, kisha nikatafuta safari."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika miaka kadhaa. Lakini aliyasema akiwa amekaa chini, hana viatu, na matope yamemkaukia miguuni. Nilimpa maji anawe. Baadaye kidogo nikachukua kata nikamwosha miguu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anajipaka matope tu.

16 Aprili

Gaspari amemwambia Mikidadi kwamba salamu zilikwisha kwenda Pangani na mama wa watu huenda akaja. Njia ya Msata iko wazi, akitaka kwenda zake hatuna la kumzuia.

"Nitamngoja," Mikidadi alisema.

20 Aprili

Maji yanashuka. Ukuta mmoja wa nyumba umelala. Mikidadi na Gaspari wanakanda udongo.

22 Aprili

Mto ulikuwa umelisawazisha kaburi, palikuwa tambarare kama uwanja wa kuanikia. Mikidadi alilala kifudifudi akapapasa kwa viganja mpaka akapapata. Alisema, "Yupo." Akalirundika upya kwa mikono. Watu hawapiti tena nyuma ya nyumba yetu. Mke wa Mwinjuma amehamisha njia yake ya kisimani.

26 Aprili

Hajaja.

29 Aprili

Hajaja. Kila lori linaponguruma upande wa barabara Mikidadi anasimama wima mpaka sauti ikatike. Mimi pia.

2 Mei

Amekuja.

Gaspari alikuwa kigangoni, Mikidadi shambani. Nilisikia hodi ya sauti ya kimjini, nikatoka nikamkuta mama mnene, baibui amelikunja kichwani kwa ajili ya matope, viatu mkononi, anahema na anatabasamu. Kwenye kikapu alikuwa na shati jipya la mtoto wake na mkate wa kumimina uliofungwa kwa jani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Biubwa, mama yake Sadallah. Nimepata salamu zenu. Mungu awalipe. Yuko wapi huyo kijana, mbona hatoki kunipokea?"

Nimeishi na Gaspari miaka yote nikisikia maneno ya faraja, na hapo sikukumbuka hata moja. Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Aliyanywa yote, ananitazama tumbo, akasema mtoto wa kiume huyo, amekaa juu. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono.

"Mama, salamu zilikosewa. Kijana wa salamu zile, aliye shambani, si Sadallah. Sadallah yuko hapo nyuma, chini ya mkwaju. Mto ulimchukua kabla ya salamu. Tulimtoa, Mwalimu wa madrasa alimwosha, akamsalia. Maji nilichota mimi."

Hakulia. Aliendelea kutazama mlangoni, tabasamu lile lile usoni limesahauliwa hapo. Kisha akauliza, "Basi aliye shambani ni nani?"

Mikidadi alikuwa amekwisha kufika, amesimama uani, jembe mkononi. Mama akamwona.

"Mikidadi," alisema. "Mwenzio alikuwa na wewe?"

"Ndiyo mama."

Akamweleza. Hakupunguza, hakuongeza. Alisema habari ya vidole. Nilitamani asiseme habari ya vidole. Kuku walikuwa wanatembea katikati yao wakichokora.

"Alisema nini?" Bi Biubwa akauliza.

"Aliniita."

"Alikuitaje?"

"Aliniita Mikidadi."

"Ukamwitika?"

"Sikumwitika."

Bi Biubwa aliinuka, akafungua kikapu, akatoa lile shati, akalitazama mbele na nyuma, akalikunja tena kama lilivyokuwa, akalirudisha. Akaniambia, "Nionyeshe."

Alikaa kaburini mpaka magharibi. Mikidadi alisimama pale pale uani na jembe lake.

3 Mei

Analala chumbani kwangu, mimi na Gaspari tumelala jikoni. Mikidadi yuko kibarazani. Wanne tunapumua ndani ya nyumba yenye ukuta mbichi. Mimi ndiye ninayepika, mimi ndiye ninayepeleka. Ninapompa mama sahani mikono yangu inajiona ina hatia, kwa kuwa imetoka kumpa yule. Ninapompa yule najiona ninamwibia mama. Nawapa wote.

4 Mei

Gaspari alijaribu leo. Alikaa karibu na mama akaanza taratibu habari ya kusamehe. Bi Biubwa alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "umenizikia mwanangu, nitakuombea mpaka nife. Lakini hilo usilitafute kwangu. Nimelitafuta tangu juzi, sina."

Gaspari akainuka, akaenda kukanda udongo. Zamani angeongeza.

5 Mei

Asubuhi ya jua, ya kwanza kwa muda mrefu. Bi Biubwa ameamka akasema anarudi kwao. Nilimkuta ameketi anafunga kikapu. Akanivuta nikae mbele yake, akanifunga kanga ya tumbo vizuri, kwa chini, kama wanavyofunga kwao Pangani, akaniuliza bila kuniangalia:

"Lau ungelijua siku ile alipopiga hodi, ungelimfungulia?"

Nikafikiri nimjibu kama mke wa katekista. Nikamwambia, "La, mama. Nisingemfungulia."

"Nami nisingemfungulia." Akakaza fundo. "Akafunguliwa. Sasa yuko, na mimi nina safari ya kufika Msata, miguu imevimba, kikapu kizito. Siwezi kumwambia mtu mwingine anibebee shati la mwanangu."

Alitoka nje akakiweka kikapu chini katikati ya uani, akaanza kwenda. Mikidadi alikitazama kikapu. Alinitazama mimi. Sikumfanyia ishara yoyote, hilo halikuwa langu. Akainama akakichukua kwa mikono yote miwili.

Tulisimama mimi na Gaspari tukiwaangalia. Mama mbele, yeye nyuma, mbali kama urefu wa nyumba mbili. Mama akisimama kupumzika naye alisimama. Akienda naye alikwenda. Mama hakugeuka hata mara moja kutazama kama anafuatwa. Njia ilikuwa bado na matope, mama alikuwa anakanyaga pembeni kwenye majani, na Mikidadi alikanyaga pale pale alipokanyaga mama.

Kwenye kona ya kuingia msituni mama alisimama tena. Mikidadi akasimama. Walikaa hivyo mpaka Gaspari akanishika mkono. Kisha mama akasema kitu, hakikutufikia, mbali sana. Mikidadi hakusogea. Mama akasema tena, na safari hii alinyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa, kiganja wazi, akautikisa kidogo, kama mama anavyomhimiza mtoto anapotaka kuvuka naye barabara.

Mikidadi akaenda akamfikia. Wakaingia kwenye miti.